Mama Pimbi Apinga Nyumba za Fuko

Huko Majabalini hakuna aliyechimba nyumba mpya kabla majirani hawajaulizwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Kakakuona, mpole ambaye akipigiwa kelele hujikunja kama mpira, na akijikunja, ombi limekataliwa.

Siku Fuko alipoomba kuchimba nyumba kando ya mtaa, Mama Pimbi, mwenye koo la tarumbeta, aliruka juu ya jiwe.

“Wageni hatuwataki! Watatuzibia upepo! Watoto wao watatuchafulia njia!”

Kakakuona akajikunja. Mama Pimbi akarudi kwake kwa maringo.

Mlangoni akawakuta wanawe watatu na wake zao wakishusha mizigo.

“Mbona mmerudi? Si niliwaambia mkatafute kwenu?”

“Tulipata, mama. Fuko alikuwa atupangishe zile nyumba zake. Sasa tutabanana humu humu.”

Kulipokucha, Mama Pimbi alikuwa wa kwanza barazani, macho mekundu kwa kukosa pa kujinyoosha.

“Mwenyekiti! Vijana wetu wakaishi wapi? Fuko achimbe! Achimbe leo hii!”

“Taratibu, mama, nakuomba,” Fuko alimsihi. “Sema taratibu.”

Lakini Kakakuona alikuwa ameshajikunja.