Nipunguzie

Mwenye chipsi pale Konde alikuwa ameshaanza kujaza mfuko Bi Zulekha alipomzuia.

"Mwanangu, nipunguzie."

Gari ya Makangale ilikuwa ikipiga honi. Daktari alishamwambia Bi Zulekha goti lake halitapasuliwa mpaka uzito ushuke.

"Kwako wewe, Bi Zulekha, bei nakupunguzia."

"Si bei. Viazi hivyo vingi!"

Mwenye chipsi akacheka, akidhani anasutwa kwa kutia vichache. "Usinisute, bibi. Haya, sasa ni vingi kweli."

Akaongeza viazi, akatia na bajia juu.

Mafuta yalipenya karatasi, yakamchuruzikia Bi Zulekha mpaka kiganjani. Utamrudishiaje mtu ukarimu wake?

Alipanda gari akilivuta goti kwa mkono.

"Kesho upite," mwenye chipsi alimwita dirishani. "N'takupunguzia zaidi!"