Kicheko cha Nakijwa

Mzee Senkondo alivaa hedifoni akasikiliza. Ndani ya kompyuta ya chuo, marehemu mkewe Nakijwa alikuwa akitaja maneno ya kilugha chao, moto, kuni, chungu. Watafiti walimrekodi mwaka mmoja kabla hajafa.

"Mbona hacheki?" mzee aliuliza. "Siku ile kila neno alikuwa anacheka. Si nilikuwepo? Nimekuja mbali kusikia hicho kicheko."

Binti wa chumba cha sauti aliinamisha kichwa. "Tulikitoa, babu. Profesa aliagiza tuondoe kelele, yabaki maneno tu."

"Mke wangu ndiye kelele?"

"Tusamehe, babu."

"Na hizo kelele mmeziweka wapi?"

"Zilifutwa. Wakubwa walisema nafasi haitoshi."

"Wakubwa! Nafasi yote iko matumboni mwao."

Binti nusura acheke, akajizuia. Akanyoosha mkono azime.

"Iache," mzee alisema, akafumba macho. Nakijwa akataja moto, pakawa kimya, kisha akataja kuni. Kila palipokuwa kimya, mzee aliikandamiza hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili.