Shimo Alilolitamani Nguchiro

Nguchiro hakuwa na shimo. Kila jioni alipita mbele ya shimo la Ngiri, mwanawe mchanga kinywani, wengine wakimfuata nyuma, na kila jioni alipofika hapo alipunguza mwendo.

Siku moja aliliomba baraza la wanyama lichimbe mashimo ya umma kilimani, kwa ajili ya wote wasio na pa kulala. Muhanga, mchimbaji asiye na maneno mengi, akasema yuko tayari.

Ngiri akainuka, mkia juu. "Leo mnataka mashimo, kesho mtataka tuje kuwafunika majani! Kila mmoja achimbe lake. Asiyechimba asilale shimoni."

Wenye mashimo wakashangilia, na hoja ya Ngiri ikapita.

"Basi imekuwa sheria," akasema Kobe, mwenyekiti wa baraza. "Nawe Mzee Ngiri, lako ulilichimba lini?"

"Mimi? Mimi nililikuta tu..."

"Lile nililichimba mimi," Muhanga akasema taratibu. "Kisha nikahamia kwingine."

Kwa sheria yake mwenyewe, Ngiri akatolewa.

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Ngiri akaja kujibanza chini ya kichaka alicholala Nguchiro na wanawe.

"Lilikuwa na joto lile shimo," akanong'ona. "Ukiwa ndani, mvua unaisikia tu."

Nguchiro akawasogeza watoto ili mgeni apate nafasi.

"Rudia hapo, mzee," akasema. "Hapo pa kuisikia tu."