Vidonge vya Kujifunika

Haya niliyaona kwa macho haya mawili, na nikitia chumvi hata punje moja, nivueni koti langu mlichukue.

Asubuhi hiyo daktari aliyeitwa Bingwa wa Akili alikohoa mara mbili, kama jogoo anayejiandaa kuwika, ndipo akamuuliza mjane mmoja, "Usiku unalala?" Hakuwahi kufungua mdomo bila kikohozi hicho, alidhani ndiyo heshima yenyewe.

"Silali, baba."

"Unawaza nini?"

"Baridi."

Bingwa akatikisa kichwa. Baridi haikuwamo katika masomo yake. Alitoka mjini kwa gari la kiyoyozi kuja kuzitazama akili za wakulima waliofukuzwa na vita mashambani mwao, wakalazwa kwenye sakafu ya ghala la saruji. Mjane alikuwa na haja moja tu: blanketi la mama mkwe wake, aliyekuwa akitetemeka pembeni, kifua kikikoroma.

"Unasikia sauti za watu usiowaona?"

"Nasikia. Kila asubuhi. Mwanamume mmoja." Alisikia pia jembe la marehemu mumewe likigonga jiwe, lakini hilo hakuulizwa.

Bingwa akasogeza kiti. "Huyo mwanamume anasemaje?"

"Tuvumilie, mablanketi yako njiani. Halafu anatuamuru tupange foleni."

"Nawe unapanga?"

"Ghala zima tunapanga, baba. Hata ng'ombe hufuata ndoo tupu."

Bingwa nusura acheze ngoma. Wazimu wa ghala zima, na aliyeuvumbua ni yeye! Papo hapo akaagiza vidonge: kila mtu kimoja asubuhi, kimoja jioni.

"Mwanangu," mama mkwe akaita, "hivyo vidonge mtu hujifunika?"

"Bibi, vitainyamazisha hiyo sauti."

"Basi hapo utakuwa umetusaidia."

Mara kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa kikakwaruza. Kikakohoa mara mbili.

"Ndugu zangu wapendwa, vumilieni. Mablanketi yako njiani..."

Watu wakainuka kupanga foleni. Mama mkwe peke yake hakuinuka. Alikuwa akiutazama mdomo wa Bingwa. Ulikuwa umefumbwa, ilhali sauti yake, iliyorekodiwa mjini, ikiendelea kutoka paani.

Bingwa akaona aibu.

Mnacheka nini? Haya, hapo kwenye aibu mmenikamata. Koti hili hapa, chukueni.