Masharubu ya Wendell Fitch

Asubuhi ile Wendell Fitch alifika studio bila masharubu yake, na mwongozaji, Bwana Kessler, nusura azimie.

"Yako wapi?"

"Nimenyoa."

"Umenyoa! Yale masharubu ndiyo nyota wa filamu, bwege wewe! Kazi yako wewe ni kuyabeba tu!"

Alikuwa na haki ya kufoka. Kwa miaka mingi Amerika nzima ilicheka kuona ufagio ule mweusi ukilowa supu, ukishika moto, ukitafunwa na mbuzi. Uliziba kinywa chote, wala hakuna aliyewahi kumwona Wendell akitamka neno. Hakuna aliyejali pia. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yaliandikwa baadaye kwenye kadi, na mbele ya kamera waigizaji walijisemea lolote, habari za viatu vinavyobana au bei ya mayai, mradi macho yaonyeshe mahaba.

Lakini leo Wendell alikuwa na neno lake. Alitaka kumposa msichana mmoja wa mji wa mbali. Alipobisha hodi kwao, baba wa msichana alimtimua akiapa kwamba binti yake haolewi na mwanamume anayelipwa kuanguka. Barua zake zilirudi zimefungwa vilevile. Na sasa kulikuwa na daktari wa meno, mwenye gari jipya, aliyekwisha kumvisha msichana pete. Harusi ingekuwa Krismasi. Maskini Wendell alikuwa hali wala halali usingizi. Kamera ndiyo nafasi yake ya mwisho.

"Ukiniharibia hii, nakufukuza," alisema Kessler. "Haya, zungusha!"

Mpiga picha akazungusha mkono wa kamera. Mpiga fidla, aliyeajiriwa kuwaliza waigizaji, akaanza kazi yake. Wendell akapiga goti mbele ya mwigizaji mwenzake, Mabel Tierney, aliyekuwa amevaa taji na kumpanda mbuni.

Wendell akafungua kinywa. Mbuni akamlia kifungo.

"Midomo, Wendell," Mabel alinong'ona huku akitabasamu kwa mahaba tele. "Umeibana kama mkoba wa bahili. Sielewi hata neno."

"Naogopa, dada."

"Mtazame yeye, si kamera!" Kessler alipaza sauti kupitia pembe lake. "Tunarudia!"

Wakarudia. Mbuni akameza tai. Wakarudia tena, safari hii mbuni akadonoa suruali mahali pasipotajika, na Wendell akatamka neno lisilofaa mbele ya akina mama. Kessler akatupa kofia chini, akaikanyaga.

"Mara ya mwisho! Ukikosea, nenda kauze karanga!"

Wendell akavuta pumzi. Akasema alichokuja kusema, polepole, kinywa wazi, kila neno na nafasi yake, huku mbuni akimnyofoa nywele. Machozi yalimtoka, ya mapenzi na ya nywele.

Mabel naye akalia machozi ya kweli. "Sasa umeeleweka," akasema.

"Basi, imetosha!" Kessler akapenga kamasi. "Na bila masharubu! Haya, tokeni, mtaniua."

Filamu ilifika mji mmoja mdogo wa Nebraska siku chache kabla ya Krismasi. Ukumbi ulijaa pomoni. Mbele kabisa, mkuu wa posta wa mji ule alipiga piano, kama afanyavyo kila Jumamosi alasiri. Kadi ikatokea: "Ewe Malkia wa Mbuni, nionee huruma!" Watu wakaangua kicheko. Katika safu ya tatu, daktari wa meno wa mji alicheka mpaka akapaliwa na bisi.

Mchumba wake hakucheka. Opal alikuwa kiziwi tangu utotoni, na maneno ya watu aliyasoma midomoni mwao. Kadi hakuzijali. Alikuwa amekazia macho kinywa kile kikubwa kwenye pazia, kisicho na unywele hata mmoja.

"Opal," kinywa kilisema, "ni mimi, Wendell. Barua zangu babako anazirudisha. Mwache huyo mng'oa meno, mpenzi, panda treni uje. Nakusubiri."

Opal akavua pete, akaidondosha kwenye bisi za daktari, akashika njia ya stesheni. Kwenye piano, baba yake, machozi yakimlenga kwa utamu wa mapenzi yale, akazidisha wimbo, akamsindikiza nao mpaka mlangoni.