Fundi Hachelewi

Chakula cha mchana kilikuwa kimeshaliwa, vyombo vimeoshwa, na saa tatu bado ilikuwa haijafika.

Fundi saa alijaribu kukaa, kiti kikamkataa. Akasimama, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo, akarudi kukaa. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na ukuta mzima ulijaa saa za kugonga, ishirini na tatu, ambazo wenyewe walizileta kutengenezwa wasizifuate tena. Siku hizi mtu anatazama simu. Mwezi mzima uliopita alikuwa amebadilisha betri mbili na mkanda mmoja, basi.

"Hebu isome tena," alisema mama yake kutoka kwenye kochi, sindano za kufumia zikikimbizana mikononi. Alikuwa kwenye sweta ya nne.

"Mama, umeshaisikia mara kumi."

"Ya kumi na moja haiui."

Fundi akaifungua barua. Ilitoka ng'ambo, kwenye karakana inayotunza saa kubwa za minara, na ilikuwa fupi kama amri. Anatakiwa fundi wa saa za kugonga. Apige simu ya video Jumanne, saa tatu kamili. Atakayechelewa asijisumbue.

"Hapo penye kuchelewa ndipo ninapopapenda," alidakia mume wa fundi. Mtaa mzima ulimwita Redio, ila hii haikuwa na kitufe cha kuzimia. "Fundi saa achelewe? Labda samaki azame. Na nimeulizia mwenyewe: huku na huko jua ni moja. Wao wakiwa adhuhuri, nasi adhuhuri. Hakuna tofauti hata ya dakika."

"Na lugha je?" mama aliuliza.

"Lugha anayo. Miezi minane analala na kitabu, mimi nimegeuziwa mgongo."

Alikuwa nayo kweli, ingawa ilimtoa jasho. Maneno ya lugha ile yalibadilika vichwani badala ya mikiani. Kitu kimoja kikiongezeka kuwa viwili tu, sentensi nzima inavua kofia na kuvaa nyingine. Tena kitabu kilionya kwamba watu wa huko humpima mtu kwa salamu kabla hawajamsikiliza maneno yake, kwa hiyo salamu alikuwa ameiandika kiganjani kwa wino.

Karakana tano zilikuwa zimeshamkataa. Hii ya sita nayo ikikataa, shemeji yake alikuwa amemwekea nafasi kwenye kiwanda cha kuku, kunyonyoa manyoya. Lakini leo nani awaze kuku? Leo hata miguu ilikuwa inacheza yenyewe chini ya meza.

"Ukishafika, sisi tunakufuata lini?" Redio aliuliza.

"Nikipata chumba."

"Mimi nitatanguliza sweta," alisema mama.

"Mama, huko sijui kama zinavaliwa."

"Ugenini ni ugenini. Mtoto wa watu akitetemeka huko, nani atamhurumia? Geuka nipime mabega."

Akageuka, akapimwa, akacheka bila sababu. Redio naye akacheka, kisha mama, wote watatu kama waliotekenywa na mtu mmoja.

Zilipobaki dakika tano, fundi aliacha kucheka. Alipita ukutani saa moja baada ya nyingine, akaitegea kila moja sikio. Hapa akainyoosha kidogo, pale akazungusha ufunguo nusu mzunguko. Hii ndiyo kazi aliyoijua tangu utotoni. Ilipobaki dakika moja akakaa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye birika, akanyoosha kola, akabonyeza.

Simu iliita kidogo tu. Uso wa mzee ukajaa kwenye kioo, miwani juu ya paji, vidole vina mafuta ya mashine. Kabla fundi hajafungua kinywa, ukuta wa nyuma yake ukagonga. Moja. Mbili. Tatu. Saa zote ishirini na tatu, kwa mpigo mmoja. Kisha kimya.

Mzee alikuwa ameinamisha sikio.

"Hizo zimegonga ngapi?" aliuliza kwa lugha yake, polepole.

Fundi alielewa kila neno. Furaha ikampanda mpaka kwenye ndewe za masikio.

"Tatu, mzee," alijibu kwa lugha ile ile. "Saa tatu kamili. Sijachelewa."

Mzee akashusha miwani, akamtazama vizuri.

"Sasa hivi ni saa tisa, mwanangu. Saa tatu tulikungoja asubuhi, mpaka chai ikapoa. Kwetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza."

Fundi akageukia ukuta. Mishale mifupi ishirini na mitatu, yote kwenye tatu. Mama hakuelewa hata neno, lakini aliuona uso wa mwanawe, sindano zikasimama. Redio naye akazimika. Jasho lilikuwa limeshaufuta wino wa kiganjani, na mdomo ukatoa lile neno uliloanza nalo miezi minane iliyopita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema mzee, akacheka mpaka miwani ikamwanguka. "Ukuta mzima umegonga kama kengele moja! Njoo, mwanangu, kazi umepata. Wewe zitengeneze tu. Kuzisoma tuachie wenyewe."