Mkurugenzi Mpya wa Gazeti

Elia alikuwa naibu mkurugenzi wa gazeti kwa miaka mingi. Siku ya uteuzi mama yake aliteremka kutoka Kinole na kapu la machungwa, akamngojea nje ya ofisi.

Bodi ilimteua mtu mwingine, mgeni kutoka Dar es Salaam.

Elia alitoka kumweleza mama, lakini kabla hajafungua kinywa, mama alipiga vigelegele hadi wafanyakazi wakachungulia madirishani.

Mkurugenzi mpya akatokea mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye dereva wa mwanangu?"

Yule bwana alimtazama Elia, akaona machozi yakimlengalenga. Akainama, akalibeba kapu.

"Ndiyo, mama."

"Basi umwendeshe taratibu. Ndiye pekee niliyebakiwa naye."